Shahada ya Sanaa za Ufundi na Kalenda ya Deni

Mjadala kuhusu faida ya shahada ya sanaa za ufundi, yaani masomo ya chuo kikuu katika uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji na usanifu wa michoro, kwa kawaida huendeshwa kwa kulinganisha tarakimu mbili: jumla ya deni ambalo mhitimu anatoka nalo chuoni na kipato anachokipata baadaye. Ulinganisho huo una maana yake, na huko Marekani umekwishageuzwa kuwa sheria, lakini unaacha nje jambo ambalo kwa msanii huenda likawa na uzito kuliko tarakimu zote mbili, nalo ni namna fedha hizo zinavyogawanyika katika miezi ya mwaka. Deni hudaiwa kila mwezi, ilhali mchoro hulipwa siku unaponunuliwa, na kati ya mauzo mawili inaweza kupita miezi mitano bila shilingi kuingia. Wahenga waliosema dawa ya deni kulipa hawakueleza alipe vipi mtu ambaye fedha zake zote za mwaka huja Agosti na Desemba.

Marekani ndiko upimaji wa aina hii ulikoendelezwa zaidi, na sababu yake inaonekana wazi, kwa kuwa madeni ya wanafunzi kwa serikali ya shirikisho yamefikia takriban dola trilioni 1.6. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilitunga kanuni iliyotaka marejesho ya mwaka ya mhitimu wa kawaida yasizidi asilimia 8 ya kipato chake chote, au asilimia 20 ya kile kinachobaki baada ya kutenga kiasi cha kujikimu. Kanuni hiyo ililenga kozi za cheti pamoja na vyuo vinavyoendeshwa kibiashara, na watu wengi walitarajia ingenasa vyuo visivyo na jina. Lakini matokeo ya kwanza, yaliyotolewa Januari 2017, yaliinasa pia taasisi ya mafunzo ya uigizaji iliyohusishwa na Chuo Kikuu cha Harvard, American Repertory Theater Institute, ambayo wahitimu wake walikuwa na deni la dola zipatazo 78,000 huku wakipata takriban dola 36,000 kwa mwaka. Taasisi hiyo ilisimamisha udahili mwezi huohuo. Miaka minne baadaye, mwaka 2021, gazeti la The Wall Street Journal lilichambua takwimu za serikali na kuonyesha kwamba waliohitimu shahada ya uzamili ya filamu katika Chuo Kikuu cha Columbia kwa mikopo ya shirikisho walikuwa na deni la kati la dola 181,000, na kwamba nusu yao walikuwa wakipata chini ya dola 30,000 kwa mwaka miaka miwili baada ya kuhitimu.

Neno "la kati" linahitaji ufafanuzi, kwa sababu ndilo linalobeba hukumu yote. Wadaiwa wakipangwa kuanzia mwenye deni dogo hadi mwenye deni kubwa, deni la kati ni la yule anayesimama katikati ya mstari, hivyo kwamba nusu ya wenzake wanadaiwa pungufu yake na nusu wanadaiwa zaidi. Wachumi hulipendelea kuliko wastani wa kawaida kwa kuwa mtu mmoja tajiri sana hawezi kulivuta juu, na katika sanaa, ambako wachache huuza kwa mamilioni na wengi huuza kwa shida, tahadhari hiyo ni ya lazima. Mwaka 2019 mchoro mmoja wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyesoma London, uliuzwa mnadani New York kwa dola zaidi ya milioni 1.5, na mauzo kama hayo yakiingizwa katika wastani wa kipato cha wachoraji wa Afrika Mashariki yatatoa picha isiyofanana na mchoraji yeyote, Armitage mwenyewe akiwemo.

Deni la dola 181,000 halitokani na shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa kawaida wa shahada ya kwanza ambaye bado anategemea wazazi haruhusiwi kukopa kwa jina lake zaidi ya dola 31,000 kutoka serikali ya shirikisho, lakini kwa wanafunzi wa uzamili kulikuwa na mkopo, ulioanza kutolewa mwaka 2006, uliomruhusu mtu kukopa gharama yote ambayo chuo kilitangaza, hata iwe kubwa kiasi gani. Kwa deni la kiasi kile, riba ya asilimia 7 pekee huzidi dola 12,000 kwa mwaka, na mtu anayepata dola 30,000 hawezi kuilipa riba hiyo na bado akapanga chumba New York. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliufuta mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026 na kuweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla kwa masomo mengi ya uzamili. Sheria hiyohiyo imeweka kipimo kipya, kwamba kipato cha kati cha wahitimu wa shahada ya kwanza, miaka minne baada ya kumaliza, lazima kizidi kile cha watu wenye umri wa miaka 25 hadi 34 walioishia sekondari, na programu inayoshindwa katika miaka miwili kati ya mitatu hupoteza mikopo ya serikali. Ajabu ya kipimo hicho ni kwamba deni lenyewe halimo: programu ya bure na programu ya dola laki moja zikizalisha wahitimu wenye kipato kilekile, sheria itazihukumu sawa.

Kutofautisha programu ghali na programu ya bure ni muhimu kwa sababu simulizi za wasanii waliofanikiwa mara nyingi huruka swali la nani alilipa. Wangechi Mutu, msanii Mkenya ambaye kazi zake zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, alipata shahada ya kwanza mwaka 1996 katika chuo cha Cooper Union cha New York, na kipindi hicho kila aliyedahiliwa Cooper Union alisamehewa ada yote, utaratibu uliodumu hadi mwaka 2014 chuo kilipoanza kutoza sehemu ya ada kutokana na matatizo ya fedha. Alipata uzamili Yale mwaka 2000. Mwaka 2021 shule ya tamthilia ya chuo hicho cha Yale ilifuta ada kwa wanafunzi wake wote baada ya kupewa msaada wa dola milioni 150. Anayemtaja Mutu kama ushahidi kwamba sanaa inalipa anapaswa kutaja pia kwamba shahada yake ya kwanza ilitoka katika chuo kisichotoza ada, kwa maana mchoraji asiyekuwa na ada ya kulipa anaweza kukaa miaka kumi akitafuta mtindo wake, ilhali mwenye deni atalazimika kuchora kinachonunulika mwezi huu.

Tanzania haina madeni ya ukubwa huo, na kwa sababu hiyo suala hili hudhaniwa kuwa la Wamarekani peke yao. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa mkopo unaogawanyika katika mafungu kadhaa: ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, mahitaji maalumu ya kitivo, na fedha za chakula na malazi ambazo wanafunzi huziita bumu, zilizopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kiasi cha ada anachokopeshwa mtu hutegemea uwezo wa familia yake, na programu zenyewe zimepangwa katika makundi ya kipaumbele ambapo afya, uhandisi na ualimu wa sayansi hutangulia, na sanaa huwekwa katika kundi la mwisho pamoja na biashara, sheria na sayansi za jamii. Kwa hiyo Tanzania nayo hupima thamani ya shahada, ila hupima mwanzoni, wakati wa kugawa fedha, na hupima kwa mahitaji ya taifa kama serikali inavyoyaona, bila kurudi baadaye kuangalia mhitimu amepata nini.

Ili kuona ukubwa wa deni, na achukuliwe mwanafunzi wa kubuni anayesoma shahada ya sanaa kwa miaka mitatu, ambaye kila mwaka anakopeshwa ada ya shilingi milioni 1, vitabu na viandikwa shilingi 200,000, na bumu la siku 240 ambalo ni shilingi milioni 2.4. Jumla ya miaka mitatu ni shilingi milioni 10.8, na ikiongezwa asilimia 1 ya gharama za uendeshaji wa mkopo, deni linakuwa shilingi 10,908,000. Theluthi mbili ya deni hilo ni chakula na malazi. Jambo hili husahauliwa na wanaoilaumu shahada ya sanaa kwa kuwa ghali, kwa sababu mwanafunzi huyo angekula na kulala kwa gharama ileile hata kama angesoma takwimu au jiolojia. Deni la Mtanzania ni la kuishi kuliko la kusoma, na kwa sehemu kubwa halibadiliki kwa kubadili kozi.

Kinachobadilika ni njia ya kulilipa. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa na mwajiri asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8, na makato hayo hufuata mshahara: ukipanda yanapanda, na ajira ikikoma makato nayo hukoma. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, lakini malipo yenyewe yasipungue shilingi 100,000 kwa mwezi, na hapo ndipo mchoraji anapoachana na mwalimu. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 na kumaliza deni la mfano uliotangulia kwa miezi 91, bila kuhesabu nyongeza za mshahara ambazo zitamfikisha mwisho mapema zaidi. Mchoraji anayeuza kazi za shilingi milioni 12 kwa mwaka anaonekana, kwa mtazamaji wa nje, kumpita mwalimu huyo, kwa kuwa mauzo yake ni milioni 1 kwa mwezi. Lakini jumba la maonyesho likichukua asilimia 40 ya mauzo, kiwango kisicho cha ajabu katika biashara hiyo, zitakuwa zimeondoka shilingi milioni 4.8, na turubai, rangi, fremu na usafirishaji vikigharimu milioni 1.8, kinachobaki ni milioni 5.4, sawa na shilingi 450,000 kwa mwezi. Kwa kipato hicho mwajiriwa angekatwa 67,500. Mchoraji anadaiwa 100,000, ambayo ni zaidi ya asilimia 22 ya kinachobaki mkononi mwake, na kwa kuwa kiwango hicho cha chini hakitazami msimu, anadaiwa Machi na Aprili, watalii wakiwa wamepungua kwa masika, kama anavyodaiwa Agosti.

Kwa maneno mengine, kila aliyejiajiri mwenye kipato cha chini ya shilingi milioni 1 kwa mwezi hulipa kwa sakafu iliyowekwa, na asilimia iliyoandikwa katika kanuni haimhusu tena. Sakafu hiyo huenda iliwekwa kwa nia ya kuzuia ukwepaji, maana aliyejiajiri ni rahisi kuficha kipato, na hoja hiyo ina nguvu kwa wakili au mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Kwa msanii anayeanza, hata hivyo, inageuka kuwa adhabu ya kutokuwa na bosi. Ulinganisho na Marekani hapa unashangaza. Utaratibu mpya wa marejesho unaoanza huko mwaka 2026 humtoza mdaiwa kati ya asilimia 1 na 10 ya kipato, na kiwango chake cha chini kabisa ni dola 10 kwa mwezi, ilhali shilingi 100,000 ni dola zipatazo 40. Nchi yenye madeni makubwa mno ina sakafu ya chini kuliko nchi yenye madeni madogo, ingawa ni kweli kwamba Mmarekani atabaki na deni hilo kwa miaka hata 30, likiendelea kumfuata katika kila fomu ya mkopo wa nyumba.

Nchini Tanzania hali ilikuwa mbaya zaidi kabla ya mwaka 2021. Hadi wakati huo kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 ya deni kwa mwaka, iliyokusudiwa kuufidia mfuko kwa mfumuko wa bei, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Kwa deni la shilingi 10,908,000, tozo ya mwaka wa kwanza peke yake ingefika takriban shilingi 654,000, yaani zaidi ya nusu ya marejesho yote ya mtu anayelipa 100,000 kila mwezi. Tozo na adhabu hizo zilifutwa, na waliofaidika zaidi ni wale wanaolipa polepole au kwa kukatiza, kundi ambalo wasanii wamo kwa wingi, ijapokuwa mjadala wa wakati huo uliwahusu zaidi watumishi wa umma waliolalamikia hati zao za mishahara. Wadaiwa wa nchi jirani ya Kenya, ambao bodi yao ya mikopo ilianzishwa mwaka 1995, bado wanatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeshindwa kulipa hupigwa faini ya shilingi za Kenya 5,000 kila mwezi, faini ambayo kwa fundi wa vinyago asiye na mshahara inaweza kuzidi rejesho lenyewe.

Upande wa pili wa mizani ni kile ambacho shahada inaleta na ambacho kipaji peke yake hakileti. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, hakuwa na shahada wala diploma. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, akafundisha ndugu na jamaa zake, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wanafunzi hao waliendeleza mtindo ambao leo unauzwa kutoka Oysterbay hadi maduka ya Unguja. Mafunzo yale yalikuwa ya uanagenzi, yaani kujifunza kwa kukaa karibu na fundi na kumsaidia kazi, na gharama yake ilikuwa muda na utiifu, bila deni. Anayetaka tu kuuza michoro kwa watalii bado anaweza kuifuata njia hiyo, na kusema kweli chuo kikuu hakitamwongezea bei. Shahada, hata hivyo, hufungua milango isiyofunguliwa kwa uanagenzi: nafasi ya afisa utamaduni katika halmashauri, ualimu wa sekondari na ukufunzi wa vyuo, kazi katika makumbusho, usanifu wa picha katika magazeti, televisheni na makampuni ya matangazo, na masomo ya uzamili ng'ambo. Milango hiyo ni ya ajira, na mshahara wake huja kwa kalenda ileile ya deni.

Kutokana na hali hiyo shahada ya sanaa inalipika kwa urahisi zaidi kadiri mhitimu anavyojitenga na sanaa kama kazi ya kutwa. Mwenye shahada ya uchoraji anayesanifu nembo za benki hana tatizo na Bodi. Mwenzake aliyebaki na brashi, ambaye kwa hakika ndiye aliyefanya kile alichofundishwa, ndiye anayepokea ujumbe wa kukumbushwa. Ajira zenyewe nazo ni chache, kwa mfano somo la sanaa za ufundi limo katika mtihani wa kidato cha nne, lakini shule zinazolifundisha si nyingi, na pasipo somo hakuna nafasi ya mwalimu. Serikali ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii kwa masharti nafuu, jambo la kupongezwa, ingawa mhitimu anayeuendea anaongeza mkopo wa pili wa kila mwezi juu ya ule wa kwanza.

Familia inayopima shahada hii, basi, ingefaidika zaidi kwa kuuliza juu ya mwezi mbaya kuliko mwaka mzuri. Kwa kuwa marejesho huanza kudaiwa miaka miwili baada ya kuhitimu, muda huo wa neema ndio mtaji halisi wa msanii kijana: anaweza kuutumia kujenga jina na wateja wa oda, yaani wanaoagiza kazi na kulipa sehemu ya bei kabla haijaanza, ambao malipo yao ya awali hupunguza pengo kati ya mauzo. Wapo wanaochukua kibarua cha usanifu kwa siku mbili za wiki, kiasi cha kuipata ile laki moja tu, na kuziacha siku nyingine kwa turubai. Wengine hulipa Bodi mapema msimu unapokuwa mzuri ili miezi ya masika isiwakute na malimbikizo, na hilo linawezekana kwa kuwa tangu tozo ya asilimia 6 ifutwe deni halikui tena lenyewe. Hesabu hizi ni rahisi, lakini hazifundishwi katika programu nyingi za sanaa, ambako mwanafunzi anaweza kujua historia ya kivuli katika uchoraji wa Ulaya na asijue namna ya kupanga bei ya kazi yake mwenyewe.

Kwa sasa mwombaji wa chuo nchini Tanzania hufanya uamuzi wake kwa mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, ambao humwonyesha sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na muda wa kila programu, pasipo kumweleza waliomtangulia wanapata nini. Takwimu za kuanzia zipo, kwa kuwa kila mwezi waajiri huwasilisha Bodi majina na makato ya wanufaika, na kutokana na asilimia 15 mtu anaweza kukokotoa mshahara wa msingi wa mhitimu wa kila programu na kila chuo. Jedwali la namna hiyo lingemsaidia sana anayetaka kusoma uhasibu. Katika mstari wa sanaa za ufundi, hata hivyo, lingewaonyesha maafisa utamaduni, walimu na wasanifu wa matangazo, na lisingemwonyesha mchoraji anayejilipia mwenyewe kwa namba ya malipo mara tatu kwa mwaka, mpaka Bodi na Mamlaka ya Mapato zikubali kusoma kipato chake kwa mwaka mzima badala ya kukidai kwa mwezi.